Land Cruiser linatangatanga: usinunue boksi la stelingi bado

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina Land Cruiser pikapu HZJ75 ya mwaka 1994, nililinunua mnadani. Nabeba alizeti kutoka vijiji vya Chemba kuleta Dodoma mjini. Kwenye lami ya Kondoa, nikifika kilomita 70 kwa saa gari linaanza kutangatanga. Muda wote nalirudisha kushoto na kulia mpaka mikono inachoka. Usukani unacheza kama vidole vitatu kabla tairi hazijaitikia. Fundi amekaza boksi la stelingi mara mbili. Mara ya kwanza lilitulia kidogo, mara ya pili likawa baya zaidi, na sasa nikitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe. Kinachonishangaza, likiwa na mzigo linatulia. Nyuma niliongeza majani mawili ya springi kwa ajili ya mzigo huo. Sasa naambiwa ninunue boksi la mtumba. Ninunue?"

Marahaba, ndugu yangu. Usinunue, angalau si sasa. Boksi ndilo linalopokea mzunguko wa usukani na kusukuma rodi zinazogeuza tairi. La mtumba limetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako, na ukilifunga kabla ya kujua ugonjwa uko wapi utabaki na gari lilelile linalotangatanga na hela imekwenda. Lakini kuna jambo la kufanya leo hii. Boksi lako limekazwa kupita kiasi, na usukani usiorudi wenyewe baada ya kona ni hatari kuliko usukani unaocheza. Mpaka boksi lilegezwe, gari lisiende barabara kuu.

Maelezo yako yamebeba magonjwa matatu, na yamechanganywa kuwa moja. Kuna kucheza kwa usukani, maana yake kuna pengo mahali fulani kati ya mikono yako na tairi. Kuna kutangatanga, ambako mara nyingi hakutokani na pengo bali na jinsi ekseli ya mbele ilivyokaa. Na kuna usukani kutorudi, ambao umeletwa na spana. Gari linaweza kuwa na usukani usiocheza hata kidogo na bado likatangatanga kama limelewa. Ndiyo maana mara ya kwanza kukaza boksi kulileta nafuu ndogo, na mara ya pili kukaleta balaa.

Likiwa na mzigo linatulia. Hiyo ndiyo sentensi yenye uzito kuliko zote ulizoandika, na nashangaa kama kuna aliyekuuliza habari zake huko gereji. Jointi iliyolegea mbele haijali sana umebeba nini nyuma. Kinachobadilika ukipakia ni mkao wa gari zima.

Tairi la mbele linageukia kwenye pini mbili, ya juu na ya chini, ambazo mafundi wetu huziita kingipini. Hazikupangwa wima. Ya juu imerudi nyuma kidogo, kuelekea kwa dereva, na mlalo huo ndio kasta. Kazi yake ni ileile ya mlalo wa foko ya mbele ya baiskeli: kwa sababu imelala, unaweza kuachia mikono kwenye mteremko na gurudumu likajishikia njia. Ukiisimamisha wima, gurudumu linaanza kutafuta njia lenyewe. Land Cruiser za springi za majani mbele, kama hiyo 75 yako, zilitoka kiwandani na kasta ndogo tu, kwa hiyo hazina akiba ya kupoteza. Toyota iliachana na mpangilio huo mwaka 1999 ilipoleta 78 na 79 zenye springi za koili mbele.

Sasa tazama hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, pikapu yako ina milimita 2,980. Ukiinua mkia kwa milimita 50 tu, chesisi nzima inainamia mbele kwa karibu digrii 1, na kingipini zinainama pamoja nayo. Majani mawili ya ziada yanaweza kuinua mkia zaidi ya hapo gari likiwa tupu. Ongeza na springi za mbele zilizolala kwa uzee, utaona gari limeinamisha pua na kasta yote imekwisha. Ukipakia alizeti mkia unashuka, pini zinarudi nyuma, gari linatulia. Ukishusha mzigo Dodoma na kurudi Chemba tupu, ugonjwa unarudi. Naamini hicho ndicho kinachokusumbua zaidi kuliko kitu kingine.

Uthibitishe mwenyewe. Peleka gari tupu kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, weka pimamaji juu ya chesisi chini ya kabini, uone limeinama kiasi gani. Pikapu tupu kwa kawaida huinua mkia kidogo, hilo lisikutishe. Kisha toa yale majani mawili na upime tena. Kabla ya kununua kitu chochote, liendeshe hivyo, lakini baada ya kulegeza boksi kama nitakavyoeleza. Kama limetulia, mzigo wako unahitaji jani msaidizi, lile linalokaa peke yake na kuanza kubeba pale tu gari linapozama, badala ya majani yanayosukuma muda wote. Mimi napenda njia hiyo kuliko kuweka kabari za kasta kati ya springi na ekseli. Kabari zinafanya kazi, na wakati mwingine hakuna njia nyingine, lakini zikishalaza kingipini nyuma zinashusha pua ya difu ya mbele, na jointi za propela ya mbele zinaanza kufanya kazi kwa pembe mbaya. Ukilazimika kuziweka, ziwe za chuma. Za aluminiamu hupasuka.

Angalia pia kama aliyekuwa na gari kabla yako aliweka shakeli ndefu, vile vipande vya chuma vinavyoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi, ili kulinyanyua. Shakeli ikiwa upande wa mbele wa springi ya mbele, kuirefusha kunashusha ncha ile, ekseli inainama mbele na kasta inapungua tena. Magari ya mnada huwa yamepita mikono mingi, na si kila mkono ulikuwa wa fundi.

Hayo ni ya kutangatanga. Vidole vitatu vya kucheza navyo ni kweli vipo, na lazima vitafutwe. Kwa gari la umri huu, milimita 30 hivi kwenye ukingo wa usukani ndiyo mwisho wa kuvumilia.

Gari libaki chini kwa tairi zake zote, likiwa limenyooka. Vuta breki ya mkono, gia iwe huru, weka mawe au magogo kwenye tairi za nyuma. Injini iwe inaunguruma kama lina pawa stelingi. Hili wengi hulisahau: injini ikiwa imezimwa, ndani ya boksi la pawa kuna kipande kinachojinyonga kidogo kabla ya kusukuma, na utahesabu mchezo ambao kwa kweli haupo ukiwa barabarani. Mtu mmoja akae kwenye usukani. Asizungushe. Asukume polepole kushoto na kulia, kiasi cha kufika pale tairi linapoanza kuitikia na kupita kidogo tu.

Wewe fuata mwendo kuanzia juu. Tazama shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani, jointi zake zinacheza? Mikono na nguo ziwe mbali na feni. Tazama shafti inapoingia kwenye boksi na mkono wa chuma unaotoka chini yake: je, shafti inazunguka kwanza halafu mkono ndiyo unafuata? Hilo ndilo pengo la boksi, na ni hilo tu. Kisha lala chini, weka kiganja kizunguke kila jointi, nusu kwenye rodi na nusu kwenye mkono ambao imefungwa. Jicho hudanganya, kiganja hakidanganyi. Jointi iliyokufa inagonga mkononi kabla rodi haijasogea. Pita rodi inayotoka boksi kwenda kwenye tairi, kisha tairodi inayounganisha tairi mbili, ncha zake zote. Pale mwendo unapoingia na usitoke, hapo ndipo mwizi alipo.

Usisahau kutazama boksi lenyewe lilivyofungwa kwenye chesisi. Bolti zikilegea, au chesisi ikiwa imepasuka pale, boksi zima linahama kila dereva akisukuma, na hakuna kukaza kutakakosaidia. Vumbi la kwetu hapa linafaa kitu kimoja: chuma kinachotembea hujifuta chenyewe. Ukiona mstari msafi uliong'aa kati ya boksi na chesisi wakati kila kitu kingine ni chekundu, umeshapata jibu. Mstari wa kutu kwenye rangi ni alama ya ufa, usugue kwa brashi ya waya uone unaishia wapi.

Ncha za tairodi zenye raba iliyopasuka badilisha hata kama hazijaanza kugonga. Vumbi la barabara za Chemba likishaingia kwenye grisi ni kama msasa. Na kila nati ya kasili, ile yenye mikato juu, irudishiwe kotapini mpya, pini inayoizuia isifunguke. Kipande cha waya wa kufungia uzio si kotapini.

Baada ya hapo nyanyua mbele, weka stendi imara chini ya ekseli. Jeki peke yake usiiamini. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi za habu, kwa sababu breki imeshikamanisha habu na nako, kile chuma kinachogeuka kwenye kingipini na kubeba tairi. Mchezo ukibaki ni beringi za kingipini. Jaribio hili halina gharama na linamaliza ubishi ambao ungeweza kuchukua nusu siku.

Beringi za kingipini nataka nizizungumzie kidogo, kwa sababu ndizo zinazosahaulika kuliko zote kwenye magari haya. Tairi hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likielekea mbele moja kwa moja. Kwa miaka mingi ya kupigwa na barabara mbovu, roli za beringi zinagonga mahali palepale kwenye kikombe chake mpaka zinachimba vijistari. Ukitoa tairodi kwenye nako na kuigeuza nako polepole kwa mkono, utasikia inaingia kwenye kijishimo pale katikati na kukataa kutoka, halafu inatoka ghafla. Sasa fikiria uko kwenye kilomita 80 na unataka kurekebisha kidogo tu. Tairi linakataa, unaongeza nguvu, linaruka kupita ulipotaka, unarudisha, linaruka tena. Dereva anasema gari linatangatanga, na ni kweli, ila boksi halina kosa.

Beringi hizo zinabanwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba vinavyowekwa chini ya vifuniko vya juu na chini vya nako. Fundi makini hapimi kwa kubahatisha. Anafunga mizani ya kuning'iniza kwenye tundu la mkono wa nako, ileile ya kupimia magunia ila ndogo, anavuta na kusoma uzito unaoanzisha mwendo, kisha anaongeza au kupunguza shimu mpaka afikie namba ya kitabu cha gari. Akizibana bila kupima, atakuachia usukani mzito usiorudi, ugonjwa uleule ulioletwa na boksi. Akiziacha zimelegea, siku utakapopiga shimo tairi za mbele zitaanza kutetemeka kwa nguvu na hazitaacha mpaka upunguze mwendo sana. Watu wengi huficha mtetemeko huo kwa shokapu mpya ya stelingi. Shokapu inapunguza kelele tu.

Ukiwa hapo chungulia ndani ya ringi, nyuma ya nako. Grisi nzito iliyochafuka ni kawaida. Oili nyembamba nyeusi iliyotiririka hadi kwenye tairi maana yake sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu inaosha grisi, na beringi za kingipini za chini zinafanya kazi kwenye supu. Sili ibadilishwe pamoja na beringi, au utarudi gereji kabla ya masika kwisha.

Nyuma nako kunaendesha gari, ingawa hakuna usukani. Wewe uliongeza majani, kwa hiyo yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zilifunguliwa na kufungwa upya. Je, zilikazwa tena baada ya gari kutembea na mzigo? Majani mapya hukaa, yubolti zinalegea, senta bolti inayoshika majani pamoja inakatika, na ekseli ya nyuma inaanza kuhama kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Dalili yake haifanani na ya mbele: ukikanyaga mafuta gari linakwenda upande mmoja, ukiachia linakwenda upande wa pili. Pima kwa utepe kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kulia na kushoto, tairi zikiwa zimenyooka. Pande zikitofautiana waziwazi, kuna ekseli iliyohama. Tazama pia bushi za springi na pini za shakeli, zote nane za mbele na nyuma kwa pamoja. Ingiza nondo kati ya springi na shakeli, uipinde. Ikisogea upande kwa upande bila upinzani, bushi zimekwisha.

Tairi: usichanganye za nailoni na za waya kwenye ekseli moja, na upepo uwe sawa kulia na kushoto kwa kufuata kibandiko cha gari. Upepo wa mzigo kwenye tairi za nyuma unafaa wakati wa mzigo.

Sasa turudi kwenye boksi, kwa sababu lazima lilegezwe. Mbele iwe imenyanyuliwa kwenye stendi, injini imezimwa, na rodi inayotoka boksini itolewe ili usihisi kitu kingine chochote. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, urudi katikati kamili. Meno ya ndani ya boksi yametengenezwa kubana zaidi pale katikati, na pembeni yalegee kidogo. Ukirekebisha usukani ukiwa umegeuka, utakuwa umekaza pasipo mahali pake, na katikati patajifunga. Nadhani ndicho kilichotokea kwako. Legeza lokinati iliyo juu ya boksi, fungua skrubu ya kurekebishia iliyo katikati yake mpaka usikie mchezo kwenye ule mkono wa chuma, kisha ukaze kidogo kidogo mpaka mchezo uishe tu, si zaidi. Shika skrubu isizunguke ukifunga lokinati. Pitisha usukani katikati polepole mara kadhaa. Usukani kubana kidogo pale katikati kunaruhusiwa. Kukwama hakuruhusiwi, hata kidogo.

Ukisikia vikwaruza kama mchanga, au mkono wa chuma ukiupandisha na kuushusha unacheza juu na chini, hapo tena boksi limeumia kwa ndani na maneno yangu ya mwanzo yanabadilika. Hata hivyo uliza kwanza kama linaweza kufanyiwa ukarabati wa sili, bushi na beringi zake, kwa sababu la mtumba utakalonunua litahitaji hayohayo.

Mwisho kabisa panga tairi. Ekseli ya chuma kizima kama yako ina marekebisho moja tu ya kawaida, urefu wa tairodi, kwa hiyo kwenye mashine ya kompyuta watakusogezea hiyo na kukuambia mengine hayana marekebisho. Waombe karatasi yenye vipimo vya kasta kwa kila tairi, ndiyo unayoihitaji. Kama mashine haipo karibu, piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele kwa kimo cha habu, upime kutoka alama hadi alama. Sukuma gari mpaka alama zifike nyuma kwa kimo kilekile, upime tena. Vipimo viwe karibu sawa, mbele pakiwa padogo kwa milimita chache tu. Mbele pakiwa papana kuliko nyuma, gari hilo litatangatanga hata likiwa jipya.

Jaribu likiwa tupu, asubuhi mapema, barabara ya Kondoa ukishapita Makutupora. Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, na mchana unakupiga ubavuni upande wa kulia ukienda kaskazini, kwa hiyo huwezi kujua ni gari au ni upepo. Nenda na urudi njia ileile. Kuvuta kidogo kushoto pande zote mbili ni mteremko wa lami tu, umewekwa ili maji yatoke. Anza na kilomita 50, kisha 60, kisha 70, na usiachie usukani hata kama limetulia. Ukirudi, lala tena chini na spana ukaze yubolti zote, mbele na nyuma, kisha uzikaze tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo.